Macho ya Shetani wa Mlangoni

Harufu ya madini ya risasi yaliyoyeyushwa ilijaa nyumbani kwa Guifré Jumapili ile, na jiko lilikuwa halijawashwa. Mkewe Ermessenda alikuwa misani. Ukutani kukasikika kwaru, kwaru, kama mtu anakwangua sufuria. Binti yao Adaleda akaamka ameshika jicho la kulia.

"Baba, huku giza."

Guifré, mchonga mawe, alijua kosa ni lake. Mlangoni mwa kanisa, juu ya nguzo nene, alikuwa amechonga shetani anayemeza watu. Fundi gani asiyependa sifa? Ili awe hai, alimchongea macho yaleyale ya Adaleda, mazuri kuliko yote kijijini, akatoboa mboni na kuzijaza risasi. Hakukumbuka kwamba kina mama wakitoka misani hupanda benchi la mawe na kumkwangua shetani macho kwa misumari, asiwatamani watoto wao.

Jumapili iliyofuata jicho la kushoto nalo likapofuka.

"Nimvunje yule shetani, Padri?" Guifré alinong'ona.

"Tao zima lituangukie?" Padri Sunyer naye alishusha sauti. "Umempa pepo macho ya mtoto, sasa anayatumia. Mrudishie risasi machoni, mtoto aone tena, mpumbavu wewe! Mkeo anajua?"

"Thubutu! Ataniua."

Kesho yake akayeyusha risasi, akapanda benchi, akaimimina katika tundu moja baada ya jingine, na alipopangusa lile shavu la jiwe akaliona lina joto la ngozi, na kope ambazo hakuzichonga zikapepesa chini ya kidole chake, akaruka chini akakimbia mpaka nyumbani bila kuokota nyundo.

Adaleda alikuwa amekaa kitandani, macho wazi, ameelekea ukutani.

"Baba, naona!"

Guifré akaangua kilio cha furaha. "Unaniona, mwanangu?"

"Wewe hapana. Naona uwanja wa kanisa. Naona watu utosini. Mama anakuja."

"Anakuja kufanya nini?"

"Amepanda benchi. Analia. Anasema, 'Wewe ndiye uliyempofusha mwanangu.'" Tabasamu likamfutika. "Ana msumari. Baba, kimbia umwambie ni mimi."

Guifré akatimua mbio, akiita jina la mkewe. Hajavuka hata bustani yao ya kabichi, akasikia nyuma yake, ndani ya ukuta wa nyumba, kwaru. Kisha mtoto akapiga kelele.