Mshale wa Joto

Rafiki yangu Fideli ni fundi umeme wa magari pale Cheyo, na hili lilimkuta msimu wa mvua uliopita.

Anakleti, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, alikuwa ametoa injini ya petroli kwenye pikapu yake na kufunga ya dizeli. Akataka geji zake za zamani zisome injini mpya. Alikaa mlangoni mwa gereji akigomba.

"Fundi gani unashindwa na waya?"

Fideli aliinama chini ya dashibodi, kwenye geji. Mvua ilikuwa imefunga, umeme umekatika, na ndani kulikuwa giza. Waya wa geji ya joto ulikuwa bado unaning'inia, haujaunganishwa popote. Ndipo mshale wa joto ukaanza kupanda taratibu, hadi kwenye nyekundu.

"Umeniunguzia injini," Anakleti akasema, akamkunja shati.

"Sijaiwasha, mzee. Shika mwenyewe."

Anakleti akaigusa dizeli. Ilikuwa ya baridi. Akamwachia.

Hapo wakasikia mlio, tik, tik, kama chuma kinachopoa baada ya safari ndefu. Ulitoka pembeni, ilikolazwa injini ya petroli chini ya turubai, haina mafuta wala betri. Fideli akafunua turubai, akaweka kiganja juu ya injini, kikaungua.

Anakleti alikimbilia mvuani, na gari lake hajalifuata. Mkono wa Fideli ulipona. Nimeliona kovu: ngozi ya kiganja imejichora namba ya injini ile, tarakimu zote, na zinasomeka kinyume.