Nyuzi za Ngatia

Mjane wa Ngatia alilitoa gita chini ya kitanda akiwa amelishika kwa gazeti, kama mtu anayemwondoa panya aliyekufia ndani ya nyumba. Mwai aliponyoosha mikono mitupu kulipokea, mama yule alirudi nyuma hatua moja, akachukua gazeti lingine na kumpa.

“Shika na hii,” alisema. “Ukifika kwako, hiyo ni shauri yako.”

“Nikupatie nini, mama?”

“Umenipatia nafasi chini ya kitanda. Inatosha.”

Walikuwa Kutus, katika nyumba ya mawe nyuma ya soko, saa nne ya asubuhi. Kwa miaka thelathini Ngatia alikuwa amepiga gita la besi katika hoteli za Kutus na Kerugoya, na hakuna mpigaji wa Nyeri ambaye hakuijua sauti yake. Ilikuwa nene na ya mviringo, na ilipanda kutoka kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni. Walijua pia kwamba hakuwahi kubadilisha nyuzi, wala kuzipangusa. Alisema sauti imo kwenye uchafu, na ukiutoa uchafu utabaki na waya wa kuanikia nguo. Alikufa akiwa amefungwa bandeji vidole vyote kumi. Hospitalini walisema ni sukari. Huenda ilikuwa sukari.

Mwai aliuza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, na kila Jumapili alipiga besi kanisani. Hakuwa mtu wa maneno. Dukani alijibu kilichoulizwa, nyumbani alisikiliza, na yote ambayo wengine huyasema kwa mdomo yeye alikuwa ameyaweka katika nyuzi nne. Lakini nyuzi zilikuwa zimemkataa. Alikuwa amepanga pedali tatu juu ya ubao: moja ya kubana sauti ili noti isiruke, moja ya kuongeza sauti ya chini zaidi, na moja ya kuikwaruza kidogo ili isikike katikati ya ngoma. Alikuwa amebadilisha waya, akasogeza spika kutoka kwenye kona, akakopa amplifaya nyingine. Bado besi yake ilisikika kama mtu anayepiga katoni kwa ngumi.

Na kwa kuwa nyuzi nzuri za besi lazima ziagizwe Nairobi, Mwai alifanya kama wapigaji wengi wanavyofanya: zilipochoka alizitoa, akazichemsha dakika kumi ili jasho na mafuta ya vidole vitoke, kisha akazirudisha. Mkewe, Nyawira, alikuwa amegombana naye mwaka mzima kuhusu jambo hilo, mpaka akamtengea sufuria moja kuukuu. “Hii ni ya nyuzi,” alisema. “Nikikuta waya kwa githeri yangu tena, utakula hiyo waya.”

Mwezi wa Julai, Dedan, kiongozi wa kwaya, alimwita pembeni. “Si kwa ubaya, Mwai. Lakini kuanzia Agosti nimefikiria mtu wa kinanda apige besi na mkono wa kushoto. Watu hawakusikii.”

Hawakusikii. Neno hilo ndilo lililompeleka Kutus.

Jumapili ya kwanza na gita la Ngatia, Mwai hakuwasha pedali hata moja. Alipiga noti ya kwanza na wanawake wa safu ya mbele wakashika vifua vyao. Vioo vya madirisha viliimba. Nyawira, ambaye aliimba katika kwaya kwa sauti nyembamba kama ya msichana, aligeuka akamtazama mumewe kama alivyomtazama walipokuwa wachumba. Baada ya ibada Dedan alimkumbatia.

“Wewe! Umekula nini leo? Hiyo besi imenona!”

“Ni gita tu,” Mwai alisema, akacheka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Usiku ule Nyawira alilinusa shati la Mwai alilokuwa analifua, akalitupa ndani ya karai na kunawa mikono mara mbili.

Harufu ilianza kama ya mafuta ya kondoo yaliyoganda katika sufuria iliyosahauliwa. Siku ya tatu kulikuwa na kitu kingine chini yake, kitamu kidogo, kama bandeji inapofunguliwa. Asubuhi Mwai alikuta nyuzi zimelowa. Alizipangusa kwa kitambaa, na juu ya kitambaa kukabaki utando mweupe uliokunjamana wenyewe kama malai ya maziwa yanapoguswa na kijiko. Alikitupa chooni. Kesho yake utando ulikuwa umerudi, na mahali nyuzi zinapofungiwa, chini karibu na tumbo la gita, palikuwa pameota vinywele vifupi vya kijivu.

Alivikata kwa mkasi. Hakumwambia mtu.

Alhamisi alasiri, akiwa peke yake sebuleni na ukungu umeegemea dirishani, alipiga kwa muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu sauti ilikuwa inazidi kuwa nzuri, na alipotazama chini aliona kwamba ngozi ya ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa imebaki kwenye uzi mnene, imelala pale bapa, na mistari yake yote, kama stempu kwenye bahasha. Hakuwa amehisi maumivu. Kidole kilikuwa chekundu na laini kama ulimi wa ndama. Alipokuwa bado anakitazama, uzi ukaanza kuinywa ile ngozi, polepole, kama karatasi inavyonywa mafuta ya maandazi, mpaka hapakubaki kitu ila mng'ao. Kisha, kwa kuwa kidole kilikuwa kimerudi juu ya uzi, noti ikalia.

Ilikuwa noti nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akapiga nyingine.

Ijumaa asubuhi Nyawira aliweka kikombe mezani bila kukinywa. Binti yao Nduta alikuwa shule ya bweni, na nyumba ilikuwa kimya.

“Baba Nduta, hebu angalia hii chai.”

Juu ya chai palielea duara la mafuta ya manjano.

“Labda ni maziwa,” Mwai alisema.

“Maziwa nimekamua mimi. Na jana ilikuwa kwa maji ya kunywa. Na juzi nimelamba mdomo asubuhi, nikapata...” Alikimbilia nje akatapika kando ya sukumawiki. Aliporudi alikuwa anajipangusa kwa upindo wa leso. “Hiyo kitu itoke kwa nyumba yangu kabla ya Jumapili. Ama itoke, ama nitoke mimi. Nimesema.”

“Nitaipeleka kwa Hafiz.”

“Na hiyo mikono yako umefunga bandeji ya nini?”

“Nilijikata dukani.”

Hafiz alitengeneza redio na amplifaya katika kibanda karibu na Majengo, mjini Nyeri. Mwai alimpelekea gita na pedali zote, akijiambia kwamba huenda tatizo ni la umeme. Hafiz alifungua pedali ya kubana sauti kwa bisibisi. Ndani, juu ya vifaa vyote vidogo, palikuwa pamejaa mafuta ya manjano yaliyoganda, na katikati ya mafuta alama ya kidole gumba ilikuwa imekaa safi kabisa.

Hafiz alitema mate nje ya mlango. “Ndugu yangu, hii si kazi ya soldering, ya kuunganisha waya. Uliipiga ikiwa hivi?”

“Sikuitumia hata. Ilikuwa tu karibu.”

Hafiz alimwita shangazi yake, Bi Mishi, ambaye alishona sare za kwaya katika chumba cha pili. Alikuja na sindano mdomoni na futi ya kupimia shingoni. Hakuligusa gita. Aliinama, akasoma maneno ya Kurani kwa sauti ya chini, na uzi mnene, bila waya, bila umeme, bila mkono wa mtu, ukamjibu kwa mngurumo uliotikisa misumari ndani ya makopo ya Hafiz.

Bi Mishi aliondoa sindano mdomoni.

“Mwanangu, wako majini wanaopenda marashi, na wako wanaopenda damu. Huyu ni mchafu hata kwa wenzake. Anapenda mtu anavyochujika. Jasho, mafuta, ngozi. Muziki ni sahani yake tu.”

“Naweza kuziosha nyuzi, nizichemshe kwa sufuria yangu?” Mwai aliuliza kwa mnong'ono.

“La! Nisikilize vizuri. Maji yasiziguse. Moto usiziguse. Ukizichemsha atatoka na mvuke, na mvuke huingia puani. Zitoe leo ukiwa umepaka mikono jivu kavu, zifunge kwa kitambaa kikavu, njoo nazo, mimi nitajua pa kuzifukia. Na mama wa nyumba mwambie. Anakujua, anaijua sufuria yako. Mwambie leo.”

“Nitamwambia.”

Alikusudia kumwambia. Njiani kurudi nyumbani Ruring'u alitafuta maneno, na kila alipoyapata alimwona Dedan akisema watu hawakusikii. Jumapili ilikuwa siku mbili tu. Angepiga mara moja ya mwisho, watu wote wasikie, Dedan aachane na habari za kinanda, na Jumatatu angepeleka nyuzi kwa Bi Mishi. Siku mbili hazikuonekana kuwa kitu kikubwa. Watu wema wameomba zaidi ya hapo.

“Hafiz alisemaje?” Nyawira aliuliza.

“Ni waya tu. Atamalizia Jumatatu.”

Nyawira alimtazama kwa muda mrefu. Aliona vidole vyake, na aliona pia jinsi alivyokaa, amejikunja kama mtu anayengoja kupigwa. Usiku huo hakurudia kusema atatoka.

Jumamosi duka lilifungwa saa saba. Mwai alipofika kwenye kona ya nyumbani kwake alisikia harufu ya supu, supu nzito ya mifupa, na jirani yake Kingori akamwita kutoka juu ya ua akiwa anacheka.

“Mwai! Kwako leo kuna mambo! Hata haualiki?”

Miguu ya Mwai ilielewa kabla yake, akakimbia, akapita gita lililoegemezwa ukutani sebuleni likiwa uchi bila uzi hata mmoja, akausukuma mlango wa jikoni ambao Nyawira alikuwa ameufunga kwa ajili ya baridi, na mvuke ukampiga usoni, wa moto, wenye utelezi, na ndani ya mvuke huo mkewe alikuwa ameinama juu ya sufuria ya nyuzi akikoroga kwa mwiko, uso wake umelowa, nywele zimemshika paji la uso, midomo inang'aa kama ya mtu aliyetoka kula nyama.

“Umefika,” alisema kwa furaha. “Nilifikiria sana. Nikaona si gita ni mbaya, ni uchafu tu wa huyo mzee. Nimekufanyia vile huwa unafanya. Angalia vile zimetakata!”

Aliinua uzi mmoja kwa mwiko. Ulimeta kama mpya. Chini yake maji yalikuwa ya kijivu, na juu ya maji yale yalielea maganda, mamia ya maganda membamba kama ya maharagwe, na kila ganda lilikuwa na mistari ya kidole cha mtu.

“Toka hapo, Nyawira. Funga mdomo. Toka!”

“Ni nini? Hata harufu imeisha. Skia.” Akavuta pumzi ndefu kwa pua, ili amwonyeshe.

Ni kweli, harufu ilikuwa imeisha. Walimwaga maji shimoni, wakafungua madirisha. Mwai akampigia simu Hafiz akamweleza yaliyotokea, naye akampa shangazi yake.

“Nani alishika mwiko?” Bi Mishi aliuliza.

“Mke wangu.”

“Ulimwambia?”

Mwai alisikia cherehani ikisimama upande ule wa pili. Bi Mishi alisema tu kwamba Jumapili baada ya adhuhuri atakuja, na mpaka hapo wasigusane.

Jumapili kanisani, gita la Ngatia lilikuwa safi, nyuzi zake zimerudishwa, na lilisikika kama katoni. Dedan alitikisa kichwa kutoka mbele. Mwai aliwasha pedali ya kwanza, ya pili, ya tatu. Safu ya mbele wakatazama vitabu vyao. Akaondoa mikono kwenye nyuzi, akaiacha ining'inie, kwa kuwa hakukuwa na sababu ya kuendelea.

Ndipo Nyawira akasogea kwenye kipaza sauti kuimba ubeti wake. Alifungua mdomo, sauti yake nyembamba ikatoka, na chini yake ikatoka nyingine, nene, ya mviringo, iliyopanda kutoka kwenye nyayo za watu. Wanawake walishika vifua. Vioo viliimba. “Amina!” mtu alipiga kelele. Dedan aligeuka kwa Mwai akiwa ametabasamu mpaka masikioni, akamwinulia kidole gumba, na Mwai akasimama pale na mikono yake mitupu, akiwa na aibu ambayo hakuna mtu angemwondolea, kwa maana kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwake hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha. Sauti ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote.

Baada ya ibada walisimama nje kwenye baridi, kando ya ua, wakiwangoja Hafiz na shangazi yake. Nyawira alikuwa anatetemeka. Mwai alisahau, au alijiambia kwamba amesahau, akaweka kiganja chake shingoni mwa mkewe, pale nyuma, kama alivyozoea kufanya siku zote akitaka kumtuliza.

Shingo ilikuwa ya moto na yenye utelezi. Alipotaka kuondoa mkono, mkono ulianza kutoka, lakini ngozi ya kiganja ikawa inabaki, taratibu, bila maumivu yoyote. Kutoka kifuani mwa mkewe kulisikika mngurumo mdogo wa kuridhika, kama wa uzi uliopimwa sauti ukapatikana sawasawa.

“Baba Nduta,” Nyawira alisema bila kugeuka. “Usitoe mkono.”

Mwai aliona gari la Hafiz likikunja kutoka barabarani. Kulikuwa bado na nafasi. Aliusikiliza ule mngurumo, na mkono wake ukabaki pale pale.