Ngazi Kumi na Mbili za Ruth

Jumamosi, duka kubwa la Mtaa wa State, Chicago, lilikuwa limefurika watu. Irma Kubiak alikuwa akijaribu kofia ya bluu alipomwona mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu amevaa viatu vyekundu vya kike mikononi, akivigonga kwenye kaunta.

"Kaka, mkeo ana miguu au kwato?"

"Sina mke, dada. Nasikiliza tu. Hivi vina mlio wa mwanamke anayejua anakokwenda."

Alikuwa Clyde Haskins, fundi wa milio redioni, mwenye kuigiza sauti za hatua na milango, kwenye kipindi cha michezo ya kuigiza, kisa kipya kila Jumapili. Irma alicheka, maana visa vingine aliviandika yeye na kuvituma kwa posta. Mvua ilinyesha, Clyde akamshikia mwavuli hadi kituoni, bega lake mwenyewe likilowa.

Mapenzi yakaota kwenye simu za kila jioni.

Kisha Irma akaandika kisa cha Ruth, mke anayepigwa. Alikuwa akimfikiria dada yake Halina, kule Portland, pwani ya magharibi, aliyeficha michubuko kwa nguo za mikono mirefu. Alimwandikia: sikiliza Jumapili. Mwisho wa mchezo haukuwa na maneno, milio tu. Viatu vya Ruth vinashuka ngazi kumi na mbili, mlango wa barabarani unafungwa.

Bwana Prentiss, wa kampuni ya sabuni iliyolipia kipindi, alikataa. "Arudi ndani. Wateja wetu ni wake za watu."

"Ndiyo maana ashuke," Irma akamjibu.

Jumapili saa kumi alasiri, mchezo ulipokwenda hewani, Prentiss alisimama nyuma ya Clyde. Viatu vyekundu vikashuka ngazi tatu, vikapanda tena. Irma akachukua koti akaenda zake mgahawani, ghorofa ya chini.

Simu ya kaunta ikalia. Ilikuwa ya Irma; Clyde alikuwa akipiga kutoka juu.

"Kipenzi, usikate. Alikuwa amenishika bega."

"Bega. Na mikono ilikuwa ya nani?"

"Yangu. Niliogopa kufukuzwa. Saa moja usiku tunaucheza tena wote kwa ajili ya watu wa magharibi, ambao saa zao ziko nyuma. Halina anasikiliza upi?"

"Huo."

"Basi panda juu."

Irma alisimama nyuma ya kioo. Clyde alipiga magoti, viatu mikononi, akashuka ngazi moja moja bila haraka, zote kumi na mbili. Prentiss, aliyedhani ameshashinda na kubaki nje safari hii, aligonga kioo. Mzee wa kinanda, aliyepaswa kuingia na muziki, akainua vidole akangoja mlango ufungwe kwanza.

Clyde na mzee wa kinanda walifukuzwa wote wawili kabla Clyde hajavaa koti.

Asubuhi Halina alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilizihesabu zile ngazi. Niko stesheni na mwanangu. Treni inafika Chicago keshokutwa."

Clyde alikuwa mlangoni, viatu vyekundu kwapani. "Sina kazi, mpenzi. Nina hivi tu. Utakubali nikuoe?"

Irma akavivaa. "Vikubwa."

"Tutatia pamba."

"Itie basi," akasema Irma. "Keshokutwa navaa hivi hivi kwenda kumpokea dada yangu, na wewe utakuja kama mchumba."