Alama ya Kidole Gumba

Jumatano, tarehe 9 Julai 2025. Asubuhi hiyo Siakago ilikuwa na mawingu mazito na manyunyu. Kibibi alimshukuru Mungu kwa maji ya moto, kwani kila siku yeye mwenyewe ndiye aliyeosha matumbo ya mbuzi nyuma ya bucha ya mumewe, Kasim.

Leo mikono yake ilikuwa mizito. Mwezi uliopita Kasim aliona damu kwenye choo chake. Kaka yake, Abdilatif, alikuwa amekufa kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo jana walikwenda hospitalini. Daktari alimwingizia mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa kutafuta uvimbe, lakini hakuona vizuri. Utumbo ulikuwa mchafu.

"Ulikunywa dawa yote ya kusafisha tumbo?" aliuliza Sista Karwirwa, jirani yao muuguzi, aliyekuja kununua nyama.

Kasim alijikuna kichwa. "Nusu. Ina chumvi mbaya! Nusu nyingine niliumwagia mpapai."

"Na chakula? Uliambiwa usile."

"Githeri kidogo tu, Sista. Mahindi na maharagwe, sahani moja."

"Sahani ya mtu au sahani yako?" Kibibi alidakia.

Wateja wakacheka. Kibibi hakucheka.

"Uvimbe ni uvimbe," Kasim alijitetea. "Kama ungekuwepo, ungeonekana tu."

"Si lazima," alisema Karwirwa. "Uvimbe mwingine husimama kama uyoga. Mwingine hulala bapa. Mwingine huzama kidogo, kama alama ya kidole gumba kwenye ugali. Huo uliozama, hata ukiwa mdogo, ni rahisi zaidi kuwa na saratani ndani yake. Na uchafu kidogo tu huufunika."

Kibibi alichukua utumbo wa mbuzi ambao haujaoshwa. Akaupasua, akauweka mbele ya mumewe.

"Baba Safiya, umechinja miaka thelathini. Nionyeshe kasoro."

Kasim aliugeuzageuza. "Hauna."

Kibibi akaumwagia maji, akausugua, akautandaza penye mwanga. Palikuwa na kovu dogo la minyoo, limebonyea katikati.

Kasim aliligusa kwa kidole gumba.

"Huyu ni mbuzi tu, nina wengine," Kibibi alisema. "Wewe sina mwingine."

Wiki mbili baadaye, siku moja kabla ya kupimwa tena, Kasim hakula kitu. Alikunywa maji na chai ya rangi tu, kama alivyoelekezwa. Saa ya dawa ilipofika, Kibibi alimshikia kikombe, akiomba dua kwa kila funda.

Safari hii daktari aliuona: uvimbe bapa, umezama katikati. Akautoa. Maabara ikasema ulikuwa umeanza kubadilika, lakini haujawa saratani. Daktari akaagiza: Kasim atarudi kukaguliwa. Watoto na ndugu zake nao wamwone daktari, hata kama hawaumwi, wajue waanze kupimwa lini.

Siku ya majibu, Kasim aliweka kisu chini pale buchani. Kibibi alikuwepo, na binti yao Safiya, na Sista Karwirwa, na wateja watatu.

"Nisikieni nyote," alisema. "Daktari akiniita, nitakwenda, na Safiya nitakwenda naye. Dawa nitainywa mpaka tone la mwisho. Mpapai hautapata kitu. Mama Safiya, mbele ya Mungu na hawa wote, nimekuahidi."