Mgeni wa Futari

Mwatima alikuwa na haraka. Hind, bintiye wa miaka saba, alifunga saumu yake ya kwanza siku hiyo, na mama mtu aliapa watafuturu pamoja. Kilibaki chungu kimoja cha kufuta vumbi kwenye ghala la mtaa wa Al Quoz, palipohifadhiwa vitu vya maonyesho vilivyochimbuliwa katika mji wa kale wa Warumi.

Raghad, mtafiti wa mtaa wa wafanyakazi wa mji ule, alikuwa amemweleza asubuhi. "Chungu hiki kilikuwa juu ya duka la mwoka mikate. Chumba kimoja, familia nzima. Baba analisha mji, mtoto wake anakufa njaa. Mifupa yake ndiyo inayosema."

Mtoto alikuwa wa umri wa Hind. Mwatima alimwonea huruma.

Adhana ikamkuta palepale. Akaketi kando ya chungu, akafungua mkebe wa tende.

Nyuma yake... hatua. Nyepesi.

Ni Gerishom, mlinzi, akawaza. Kwao Mwatima alilelewa hivyo: huli mwenzio akipita. "Karibu tufuturu," akasema bila kugeuka.

Hatua zikasimama.

Ghala zima likanukia mkate wa moto. Pumzi ya baridi ikamgusa shingo. Akageuka... hakuna mtu. Akatazama mkebe.

Mtupu. Hata kokwa hazikuwamo.

Alitoka mbio mpaka langoni. "Gerishom, ulikuja ndani?"

"Mimi? Zii, dada. Sijatoka hapa gate."

Mwatima akapanda teksi, Ayatul Kursiy mdomoni, na ile harufu ya mkate haikumwacha mpaka nyumbani kwake, Al Rigga.

Hind alifungua mlango. Akachungulia nyuma ya mamaye.

"Mama, mbona humwambii aingie? Ana njaa."

Mwatima aliubamiza mlango kwa nguvu zake zote. Mezani, Hind alikuwa ameshavuta kiti cha tatu, anakisogezea sahani yake.

Kesho yake Raghad akapiga simu, amekasirika. "Nani ametia kokwa za tende ndani ya chungu changu?"

Mwatima akakata simu. Siku hizi Hind hula vizuri, sahani hurudi safi. Lakini gauni lake linampwaya kila Ijumaa zaidi ya iliyopita. Masheikh wamesoma, ubani umefukizwa, na Mwatima analia usiku kucha kwa hofu, kwani atamfukuza vipi mgeni aliyemkaribisha kwa kinywa chake?