Chumba Alichokiziba Ridha

Siku hiyo nilikwenda Konde kula pweza, basi. Mie mchekeshaji, kitambi changu hupanda jukwaani kabla yangu, na mtoto wa kaka yangu, Ridha, ndiye aliyenialika.

Ridha hutengeneza filamu za kompyuta. Alikuwa ameshikwa na filamu moja ya zamani, nyeusi na nyeupe: taa moja, nusu ya uso inawaka, nusu imemezwa, vivuli vikali kama vimekatwa kwa wembe. Akautaka mwanga uleule. Akakipima chumba chao cha mbele, akakijenga kwenye kompyuta. Akampiga dada yake Asma picha kila upande, akaitengeneza sanamu yake, akaisimamisha ndani chini ya taa.

"Mwanga ulikuwa unavuja, ami," akanambia. "Nimeziba dirisha na mlango."

"Sasa dada yako atatokea wapi? Hata jela ina mlango."

"Ami, ile picha tu."

Nikacheka peke yangu. Tulikuwa tumekaa chumba hichohicho. Asma akaingia na sinia, akalitua, akageuka kutoka.

Akasimama. Mlango u wazi, jua la adhuhuri limejaa ukumbini. Asma akanyanyua viganja, akaupapasa ule uwazi kama anayepapasa ukuta.

"Mwanangu, mizaha niachie mie."

"Ami," akanong'ona. "Mlango u wapi?"

Nikatoka mie. Nikamshika mkono, nikamvuta. Wangu ulikuwa nje. Wake ukagonga palepale penye uwazi. Niliusikia mlio. Wa jiwe.

Ridha akakimbilia kompyuta iliyokuwa ukumbini.

"Ifute hiyo sanamu," nikamwambia.

"Nikiifuta, ami, yeye je?"

Sote tukamtazama Asma.

"Basi toboa mlango," nikamwambia Ridha.

Akautoboa kwenye picha. Mashine ikaanza kuipika picha upya, pole pole. Asilimia kumi. Asma anahema. Thelathini. Akasema hewa inakwisha. Sitini. Akaketi chini.

"Ami, nisomee."

Nikasoma. Kila aya niliyoihifadhi, nikasoma.

Tisini. Asma akauliza, hakugeuka:

"Nani kanishika bega?"

Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

Mia. Asma akaangukia ukumbini, miguuni pangu, mzima.

Ridha alikuwa hatazami dada yake. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta. Picha imekamilika, mlango upo, chumba kitupu. Lakini ile taa moja ilikuwa inaonyesha viganja vyeusi vilivyojaa ukutani, kuta zote nne, hadi darini. Ridha hakuvichora. Na Asma hafiki darini.

Kompyuta tuliichoma. Asma ameolewa Wete, anakuja kunicheka nikiwa jukwaani.

Ila kwa Ridha kila wakipaka chokaa, viganja vinatokea. Si chumbani. Vinaanzia kizingitini, vinafuata ukuta wa ukumbi. Mwaka huu vimefika barazani, na vya mwisho vimeelekea njiani.