Tairi Lilisugua, Seremala Akakata

Tairi la mbele la kulia lilikuwa linasugua.

Halikusugua kila wakati. Kwenye barabara iliyonyooka gari lilikuwa kimya. Lakini seremala akikata kona kwenda kushoto, au gurudumu likitumbukia shimoni, alisikia mlio: khrrr. Kisha kimya tena.

Kona mbaya kuliko zote ilikuwa ya kuingilia hospitali, na hiyo aliikata mara tatu kwa wiki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alimpeleka mkewe kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo za mkewe zilikuwa zimekufa. Kazi ya kutoa uchafu na maji mwilini ilifanywa na mashine, saa nne kila safari. Zamu yake ilianza saa moja kamili asubuhi. Wagonjwa walikuwa wengi na viti vilikuwa kumi. Ukichelewa, kiti chako anakikalia mwingine.

Kwa hiyo lile gari dogo halikuwa la kutembelea. Bila gari, hakuna mashine. Bila mashine, hakuna mke.

"Baba Pacha, gari linalia," mkewe alisema Jumatatu moja, mkoba wa blanketi ukiwa mapajani. Pacha wenyewe walikuwa watu wazima, wanafanya kazi mbali, lakini jina la baba yao lilibaki lile lile.

"Linalia njaa. Nitalinywesha mafuta."

"Mimi sitanii. Sikiliza. Kuna khrrr, halafu kuna ting. Ting ya chuma."

"Una masikio wewe!"

"Nakaa kwenye kiti saa nne nasikiliza mashine. Ikibadilisha mlio hata kidogo, namwita muuguzi. Kwa nini gari lisiwe hivyo? Lipeleke kwa Bi Spana."

Bi Spana alikuwa fundi wa magari, nyumba ya nne kutoka kwao. Jina alipewa na wateja. Yeye akalipenda, akaliandika ukutani kwa rangi nyekundu.

Seremala hakwenda. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo aliiona nzito. Kwenye kituo cha mafuta alikuwa amemwuliza dereva mmoja wa teksi.

"Umekata springi ili gari lishuke chini?" dereva alimwuliza.

"La. Springi ni zile zile za kiwandani. Hazijaguswa tangu gari lizaliwe."

"Umefunga matairi makubwa?"

"Saizi yake kabisa."

"Basi usijitie presha. Gari lisilochezewa halisugui. Ni plastiki tu ya ndani ya madigadi, imelegea."

Maneno hayo yalimwingia seremala kama msumari kwenye mbao laini. Springi hazijaguswa, kwa hiyo ni nzima. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Jumapili alipiga jeki, akatoa gurudumu. Ndani ya madigadi, kwenye ile plastiki nyeusi inayozuia tope, aliona sehemu iliyolika mpaka ikang'aa. Akacheka peke yake. Kazi yake ya miaka ishirini na minane ilikuwa milango na vitanda. Mlango ukisugua fremu, fundi anatafuta mahali panapong'aa, anapapiga randa, mlango unafunga. Kuna ugumu gani?

Akachukua msumeno wenye meno madogo. Akakata kipande kama kiganja cha mkono. Akapiga msasa kingo zote mpaka zikawa laini. Ilikuwa kazi safi. Hakutazama juu zaidi, kwenye springi, kwa sababu kilichosugua alikuwa amekipata.

Jumatatu waliingia hospitali kimya kimya.

"Umesikia?" alimwuliza mkewe.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo! Fundi ni fundi."

"Ting bado ipo," mkewe alisema. "Nimeisikia ulipogeuza usukani pale nyumbani."

"Mke wangu, wewe ukipelekwa peponi utalalamika mlango unapiga kelele."

Mkewe alicheka mpaka akakohoa. Wakaliacha hapo.

Zikapita siku kumi na sita.

Siku ya Jumatano, kwenye mteremko kabla ya daraja, tairi lilipasuka. Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Gari lilivuta kulia kwa nguvu, kuelekea magari yaliyokuwa yanakuja. Seremala aliushika usukani kwa mikono miwili, akauvuta kushoto, akaacha gari lipoteze mwendo lenyewe. Lori lilipita karibu sana, likipiga honi. Walisimama wakiwa wamepanda ukingo wa barabara. Moshi wa mpira uliingia ndani.

"Uko mzima?" aliuliza.

Mkewe alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kushoto, ule wenye mshipa wa kuchomekea sindano za mashine. "Mkono uko salama," alisema. "Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Alitoa tairi la akiba. Lakini alipolivua lililopasuka, aligeuza akalitazama kwa ndani. Ubavu wa ndani wa tairi, ule unaotazama chini ya gari, ulikuwa umekatwa mkato mrefu, kama uliochanjwa na kisu. Na juu yake, ncha ya chuma ilikuwa imetokeza. Springi ilikuwa imevunjika.

Mkewe alikuwa ameshampigia simu Bi Spana, akamweleza yote. Akamwekea mumewe simu sikioni.

"Unaona ncha ya springi?" Bi Spana aliuliza.

"Naiona. Nafunga akiba niondoke, dada, zamu inapita."

"Usifunge! Hiyo ncha itakata na tairi la pili, na safari hii huenda lori lisiwakose. Simamisha gari lolote, mpeleke mgonjwa. Hilo niachie mimi, nakuja na gari la kulivuta."

Ilichukua nusu saa kupata mtu wa kusimama. Walipofika hospitali ilikuwa saa moja na dakika hamsini. Kiti cha mkewe kilikuwa na mtu.

"Samahani, baba," muuguzi alisema. "Leo zamu zote zimejaa. Mlete kesho saa nane mchana, nitamtafutia nafasi. Asinywe maji mengi. Akianza kukosa pumzi, msisubiri saa nane."

Hawakufika hata saa nane. Alhamisi asubuhi mkewe alishindwa kulala chali. Maji ambayo mashine ingeyatoa Jumatano yalikuwa yamepanda kifuani. Alikaa kitako kitandani, mdomo wazi, akivuta hewa kidogo kidogo, na midomo yake ikabadilika rangi. Jirani mmoja aliwapeleka kwa gari lake. Safari hii hakuna aliyeuliza habari ya zamu. Walimpitisha mlango wa dharura, akawekewa oksijeni, kisha mashine, na akalazwa.

Seremala alikaa kwenye benchi la nje. Hakuwa na msumeno wala msasa wa kazi hiyo.

Jumamosi, mkewe alipoweza kusema maneno matatu mfululizo, alimwita karibu. "Nenda kwa Bi Spana," alisema. "Usikate kitu. Sikiliza."

Akaenda.

Gari lilikuwa gereji, tairi la akiba limefungwa ili tu lisimame. Bi Spana alikuwa kwenye ovaroli ya bluu, anafuta mikono kwa tambara. Hakumgombeza. Alimwuliza kwanza hali ya mgonjwa. Kisha akamwuliza: "Kipimo chako cha futi unacho?"

Kilikuwa mfukoni. Hutoka nacho kila siku.

"Vizuri. Leo utafanya kazi wewe, mimi nitasema. Tuko kwenye sakafu bapa, matairi yana upepo sawa. Hiyo ndiyo ya kwanza. Gari likiwa kwenye mwinuko vipimo vitakudanganya. Sasa pima gurudumu la kushoto, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi juu yake."

"Sentimita thelathini na sita."

"La kulia?"

Seremala alipima. Akapima tena. "Thelathini na tatu na nusu."

"Tofauti?"

"Mbili na nusu. Dada, mlango wangu ukikosea milimita tatu silali."

"Gari lako limekosea mara nane zaidi ya hapo, na wewe unalala fofofo," Bi Spana alisema. Hakuwa anacheka. "Gari likiwa zima, upande wa kushoto na wa kulia hukaribiana. Tofauti ndogo si hoja. Tofauti kama hii inasema pembe hiyo ya gari imeshuka. Sasa fungua mlango wa dereva. Kuna karatasi imebandikwa kwenye nguzo. Soma saizi ya tairi, kisha soma iliyoandikwa kwenye lile tairi lililopasuka."

Alisoma zote mbili. Zilifanana.

"Basi si tairi kubwa. Tumeitoa hiyo. Umepakia mawe kwenye buti?"

"Mkoba wa blanketi."

"Basi si mzigo. Rimu je, umebadilisha?"

"Ni zile zile."

"Tumebaki na vinavyoshikilia gurudumu. Springi, shokapu inayozuia gari lisirukeruke, na viungo vya usukani. Hapo ndipo unapotoa gurudumu na kutazama. Siyo kutazama palipolika tu. Pale palipolika panakuambia mahali gurudumu linapogusa. Hapakuambii kwa nini."

Alipiga jeki, akaweka vyuma vya kuegemeza gari chini yake. "Usitie mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake," alisema. Kisha akamulika kwa tochi. Pingili ya chini kabisa ya springi ilikuwa imekatika. Ndani ya mkato kulikuwa na kutu ya zamani, na pembeni mstari mwembamba wa chuma kipya.

"Ona kutu. Huu ufa si wa Jumatano. Springi ilianza kufa zamani, ikavunjika, gari likashuka, tairi likagusa plastiki. Ndiyo khrrr yako. Je, ukigeuza usukani ulisikia chuma kinaruka?"

Seremala aliinamisha kichwa. "Mke wangu alisikia. Aliniambia mara mbili."

"Na wewe?"

"Nilikata plastiki."

Bi Spana alizima tochi.

"Kaka, mlango ukisugua, mbao imevimba. Unapunguza mbao, umemaliza. Gari si hivyo. Lilitengenezwa na nafasi yake, na hiyo nafasi inatosha. Kitu kisichochezewa kikianza kugusa, maana yake kuna kilichovunjika, kilicholegea au kilichopinda. Ile plastiki ilikuwa inakupigia kelele usimame. Wewe umeinyamazisha. Springi ikaendelea kuteleza, mpaka ncha yake ikalifikia tairi kwa ndani, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama."

"Lakini hazijaguswa tangu kiwandani," seremala alisema kwa sauti ndogo.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Miaka kumi na saba ya mashimo na matope. Kutoguswa si uzima. Ni kwamba hakuna aliyezitazama."

Seremala aliuliza kama angeweza kubadilisha springi mwenyewe, apunguze gharama. Bi Spana alikataa papo hapo. Springi hukaa imebanwa kwa nguvu nyingi. Ikifunguliwa bila kibano chake huruka, na yeye alimjua mtu aliyepoteza meno kwa njia hiyo. Tena hubadilishwa mbili, kushoto na kulia, ili gari likae sawa. Baada ya hapo mwelekeo wa magurudumu hupimwa upya. Na plastiki mpya ingewekwa, kwa kuwa nyuma ya ile iliyokatwa kulikuwa na nyaya, na nyaya zilikuwa zimeshaanza kupigwa tope.

"Mtu akisikia linasugua afanye nini, kwa kifupi?" seremala aliuliza.

"Apunguze mwendo, asipakie, aende kwa fundi siku hiyo hiyo. Njiani asimame atazame tairi, ndani na nje. Akiona mkato au ncha ya chuma, asisogee hata hatua."

Kazi ilichukua siku mbili. Seremala alirudi kupima mwenyewe. Thelathini na sita kushoto, thelathini na sita kulia. Akaendesha mpaka kwenye kona ya hospitali, akaikata pole pole, dirisha likiwa wazi. Hakuna khrrr. Aligeuza usukani mpaka mwisho, huku na huku. Hakuna ting.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, anapima magurudumu yote manne na kupapasa ubavu wa ndani wa kila tairi. Pale hospitali madereva wengine wanaosubiri wagonjwa wao walimwona siku moja amechutama na kipimo. Wakauliza. Akawaeleza yote, na ule msumeno hakuuficha. Mmoja wao alipima la kwake pale pale, akakuta nyuma limeshuka, akaenda gereji kabla halijamfanya kitu. Huu ni mwezi wa nane tangu hapo, na mkewe hajakosa zamu hata moja.

Akiwaeleza watu, huwa wanamwuliza ilimgharimu kiasi gani. Huwajibu kama ilivyokuwa. Tairi moja. Springi mbili. Plastiki. Ada ya kuvuta gari na ufundi wa siku mbili. Vyote hivyo alivilipa kwa kuuza vitanda vitatu, akamaliza.

Kisha anaendelea kuhesabu. Zamu moja ya mashine iliyokosekana. Siku sita wodini. Daktari alisema maji yale yaliuchosha moyo wa mkewe, na hautarudi ulivyokuwa. Nyumba yao ina ngazi kumi na moja mlangoni. Zamani mkewe alizipanda zote bila kusimama. Sasa anasimama kwenye ya nne, na anasimama tena kwenye ya nane.